Kizuizi cha Mbwa

Saa tatu asubuhi seremala alipima uwazi kati ya sebule na ukumbi wa nyuma, akaandika kwenye kipande cha mbao: mita mbili na sentimita kumi. Nyumba zenye uwazi mpana namna hiyo si nyingi, lakini yeye alikuwa mtu wa kazi.

"Kizuizi cha nini, bosi?" akamuuliza mwenye nyumba.

"Cha mbwa. Asiingie sebuleni."

Mbwa alikuwa amelala ukumbini, kando ya kiti cha mama mzazi wa mwenye nyumba. Alikuwa na miaka kumi na minne, na hata mkia aliutikisa kwa awamu. Seremala akapima tena ili ajiridhishe. Mita mbili na nusu.

"Ukuta wako unajinyoosha," akasema. "Kila ukitaja mbwa."

"Basi ongeza mbao," akasema mke wa mwenye nyumba. "Jumamosi mkurugenzi wa mume wangu anakuja kunywa chai."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Wageni wa ofisini walipokuja mara ya mwisho, aliwasimulia jinsi mwanawe alivyokojoa kitandani mpaka darasa la sita.

"Au la saba, mwanangu? Nisije nikakupunja."

"Mama, hiki ni kwa ajili ya mbwa," akasema mwanawe, na ukuta ukasogea ukalipita kabati la vyombo.

Jumatano uwazi uliingia kwa jirani mshona nguo, ambaye aliinua mguu, akapitisha fito, akaendelea na pindo la sketi. Alhamisi ulifika kwa kinyozi, na kizuizi kikapita kati ya kiti na kioo. Mteja ikambidi aamini maneno ya kinyozi. Seremala alipigilia huku akipiga mluzi. Hajawahi kupata kazi inayokua haraka kuliko anavyoimaliza. Waliojikuta upande wa mama walileta viti, na waliojikuta upande mwingine waliwaonea wivu.

Jumamosi mkurugenzi aliketi sebuleni na wenyeji wake wawili. Ng'ambo ya kizuizi uliketi mtaa mzima, na katikati yake mama, ambaye katika kusimulia alikuwa amefika mwanawe akiwa darasa la nne, siku godoro lilipoanikwa mbele ya mwalimu mkuu. Watu walianguka kwenye viti kwa kicheko. Komeo la kizuizi lilikuwa limefungwa, na lilikuwa upande wa sebule.

Mkurugenzi alicheka hata chai ikamtokea puani.

"Yule mama ni hodari kweli! Ni nani wenu?"

Mwenye nyumba alitazama ndani ya kikombe chake.

"Jirani tu," akasema.

Sakafu ikatetemeka kidogo. Kutoka mwisho wa barabara seremala akapiga kelele aletewe mbao mbili zaidi.

Mama, ambaye masikio yake hayakuzeeka, aliiacha hadithi yake katikati. Kisha akainua mkono juu ya fito.

"Hujambo, jirani?"

Mwanawe, ambaye tangu aanze kusema hajapata kuonana naye asubuhi bila kumwamkia shikamoo, aliweka kikombe chini.

"Sijambo," akajibu, akammiminia mgeni chai.