Majibu Ambayo Hayakufika Ikonge

Dakta Walter Oyugi na Gentrix Achola walikuwa wamemaliza mwaka mzima bila kusalimiana, mpaka Sejal alipowalazimisha kukaa meza moja.

Sejal alikuwa mfamasia mstaafu, binti wa familia yenye maduka katikati ya mji wa Kisii. Kaka yake, Gopal, alikufa kwa saratani ya umio. Mwishoni hata maji yalikuwa hayapiti kooni. Familia iliuza jengo moja ikaanzisha mfuko wa utafiti wenye jina lake. Sejal hakutaka kusikia habari za matibabu. Wa kutibu wapo, alisema. Yeye alitaka kujua ugonjwa ule unaanzaje mwilini, na nini kinaweza kuuzima kabla haujaota. Tena alikuwa na sharti moja: hakuna pesa kwa mtu wa fani moja. Anayesoma seli aombe pamoja na anayejua watu wanakula nini na wanaishije.

Katika chuo cha mji huo, wa seli alikuwa Oyugi. Mwingine alikuwa Gentrix, aliyezunguka majiko ya kaunti jirani ya Nyamira miaka sita akipima joto la chai na uji, na kukagua mahindi yaliyoota kuvu.

"Wewe unahesabu vikombe," Oyugi alimwambia siku ya kwanza. "Huo ni umbea wenye fomu."

"Na wewe hujawahi kumwona mgonjwa ila chini ya darubini."

Waliandika ombi, kila mmoja sehemu yake, bila kusoma ya mwenzake. Sejal alilisoma akalirudisha.

"Nimeona maombi mawili yaliyobanwa kwa pini moja," alisema. "Nendeni pamoja kijiji cha Ikonge, kule Nyamira, mkaongee na watu. Nami nitakuja nisikilize."

Mkutano ulifanyika Alhamisi katika ukumbi wa kanisa. Watu walikuja moja kwa moja kutoka kuchuma majani chai, vidole vyao vimekolea weusi wa utomvu. Oyugi alionyesha kidonge kilichofungwa uzi. Mtu anakimeza, alieleza, ganda linayeyuka tumboni, sponji iliyomo ndani inafunguka, kisha inavutwa kwa uzi na kupanda na seli za umio. Seli zinazoanza kuharibika huonekana miaka mingi kabla ya uvimbe.

Mzee mmoja mrefu alisimama nyuma. Aliitwa Ogeto. Wengine wote walikuwa wakiongea Ekegusii, lakini yeye alitumia Kiswahili makusudi, wageni wasikose hata neno.

"Huo uzi tunaujua. Mke wangu, Kemunto, aliumeza katika ukumbi huu huu, miaka tisa iliyopita. Akapewa mche wa sabuni na asante. Akaambiwa majibu yatakuja. Mwaka wa nne nilimzika, amebaki mifupa. Sasa mimi nauliza, majibu yako wapi?"

Ukumbi ulinguruma. Gentrix aligeuka kumtazama mwenzake, akamwona ameinamisha kichwa.

"Ni wewe uliyekuja?" alinong'ona.

"Nilikuwa mwanafunzi."

"Usiniambie mimi. Waambie wao."

Oyugi alisimama. "Ni mimi niliyekuja. Watu kumi na mmoja seli zao zilikuwa zimeanza kubadilika. Majibu yalipotoka, pesa za mradi zilikuwa zimeisha. Mwalimu wangu alisema tuandike makala kwanza. Tukaandika. Sikurudi."

"Kemunto alikuwa katika hao?"

"Wiki iliyopita, niliposikia tunakuja hapa, nilifungua orodha ya zamani. Alikuwemo."

"Kwa hiyo ulijua," Ogeto alisema, "na bado umekuja kutuonyesha uzi."

Ogeto alitembea polepole kati ya viti mpaka wakawa uso kwa uso. Watu walidhani atampiga.

"Kutoka Kisii mpaka hapa nauli ni ngapi?"

Oyugi alianza kuukunja uzi wa kidonge.

"Daktari, nakuuliza. Ni ngapi?"

"Mia tatu hivi, mzee."

"Basi hiyo ndiyo bei ya mke wangu. Tokeni."

Walitoka wakisukumwa. Mtu alirusha bonge la udongo likapasukia dirisha la gari. Mama mmoja aliwafuata hadi barabarani akiwalaani.

Walipofika sokoni Sejal alisimamisha gari.

"Dakta Oyugi, jina la kaka yangu halitamlisha mtu aliyenyamaza. Gentrix, andika upya. Peke yako."

"Sharti lako ni fani mbili, madam."

"Nitalibadilisha."

Gentrix angeweza kukubali. Mwaka mzima alikuwa ameombea siku ya kumwona Oyugi akianguka, na sasa alikuwa ameanguka mbele ya watu mia. Alitazama udongo uliokuwa ukikauka dirishani.

"Peke yangu nitajua chai ya nani inaunguza," alisema. "Sitajua seli za nani zimeanza kuharibika. Na wale kumi waliobaki, orodha anayo yeye. Tukimfukuza leo, naye anafunga kabati, na hao wanakufa kama Kemunto."

Oyugi alifungua mdomo.

"Usinishukuru," Gentrix alimkata. "Zamani nilikuwa sikupendi. Leo nakuchukia. Lakini hii kazi utaifanya."

Sejal alitoa masharti yake. Maabara haitapata hata senti kabla ya wale kumi kutafutwa. Kila jibu litafikishwa nyumbani kwa mwenyewe ndani ya siku thelathini, na atakayelipeleka ni Oyugi. Na watu wawili wa Ikonge wataingia kwenye bodi ya mfuko, wenye uwezo wa kusimamisha kila kitu.

"Hiyo itachelewesha maabara mwaka mzima," Oyugi alisema.

"Basi ichelewe."

Kati ya wale kumi, sita walikuwa wamekufa. Mmoja aliwafungulia mbwa. Watatu walikubali kupelekwa hospitali, na mmoja wao, fundi cherehani wa kijiji jirani cha Magwagwa, alikutwa na uvimbe ambao ulikuwa haujazama ndani ya nyama. Ukakatwa. Fundi alipona, ila alipokutana na Oyugi sokoni aligeuza uso.

Ikonge walimchagua Ogeto kwenye bodi kwa sababu ya uchungu wake. Alirudisha fomu ya ridhaa mara tatu. Kila neno la kitaalamu alimtaka Oyugi alieleze mpaka bibi wa miaka themanini aelewe. Ziliposomwa takwimu za Gentrix, aliuliza kwa nini hakuna aliyepima moshi wa jikoni. Gentrix na Oyugi walitazamana. Kweli, kila mmoja alidhani hiyo ni kazi ya mwenzake. Wakakaa siku mbili wakipanga namna ya kuoanisha moshi, kuvu na seli, wakigombana kwa kila mstari.

Siku ya kuanza upimaji, binti yake Ogeto, mwalimu Nyamoita, alisimama wa kwanza kwenye foleni. Baba yake alimshika mkono.

"Si wewe."

"Tata, mimi nilikula jiko moja na mama," alijibu. Akakimeza kidonge.

Siku ya kumi na tisa Oyugi alipanda kilima kwa miguu na bahasha. Nyamoita alikuwa uani akisahihisha madaftari, baba yake amesimama karibu.

"Seli zako hazina tatizo," Oyugi alisema. "Tutakupima tena baada ya miaka mitatu."

Nyamoita alifumba macho, akashusha pumzi. Ogeto aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe taratibu, neno kwa neno, akamrudishia binti yake. Oyugi alinyoosha mkono. Mzee hakuupokea.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Basi nenda kwa Job, ng'ambo ya mto. Anangoja majibu yake tangu asubuhi."