Kiti Chekundu cha Nyuma

Mke wangu Khadija alipata kazi siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi tulikuwa tayari tumegombana juu ya baiskeli ambayo hata hatujainunua.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye bustani ya miche, kilomita tisa kutoka kwetu Kabondo, kwenye barabara ya Bangboka. Kuanza ni Jumatatu, saa kumi na mbili kamili asubuhi, na walimwambia wazi: atakayechelewa siku ya kwanza asijisumbue kurudi siku ya pili. Pikipiki hataki hata kuisikia. Ni pikipiki iliyonivunja nyonga miaka minne iliyopita, mimi na toleka yangu, mchana kweupe mbele ya soko, watu wakitazama kama sinema. Toleka, kwa ambaye hajafika Kisangani, ni baiskeli ya kubeba watu: mwenye kukanyaga mbele, mteja nyuma kwenye kiti cha sponji. Nilikanyaga miaka ishirini na tano. Nimebeba bibi harusi, nimebeba mbuzi, nimebeba padri pamoja na mbuzi. Nyonga ilipopona ilipona upande upande, sasa natembea kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Baiskeli natengeneza tu, za wengine, chini ya bati mbele ya nyumba.

"Basi weye fundi utanichagulia," alisema Khadija.

"Nitakuchagulia yenye kukufaa."

"Yenye kunifaa mimi, ao yenye kukufaa weye?"

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Tuliubeba hadi dukani kwa Clovis.

Clovis ni Mnande wa Butembo, ana rozari shingoni na maneno matamu mdomoni. Anauza kuanzia misumari hadi magodoro. Alitupokea kwa mikono miwili.

"Tonton Feruzi! Na mama! Bon, leo munachukua velo gani?"

Baiskeli zilikuwa tatu. Moja nyeusi, nzito, ya Kihindi, yenye bomba la chuma kati ya kiti na usukani. Moja ya vijana, yenye rangi nyingi na springi za mbele ambazo nilizikandamiza kwa kidole zikalia kama panya. Na moja ya kijani, iliyozeekea Ulaya kabla ya kuletwa kwetu, chuma chake cha mbele kimeinama chini ili mtu apande bila kurusha mguu.

"Hii," nikasema, nikiipiga nyeusi mgongoni. "Hii inabeba magunia mbili ya makala ya kupikia na mutu juu."

"Mimi niko gunia?"

Clovis akaanza kuhesabu magodoro.

"Mama Nyota, nasema nguvu ya chuma."

"Na mimi nasema liputa yangu." Akakikaza kitenge chake kiunoni. "Ile bomba, nitaipita namna gani? Niruke kama mbuzi ya padri?"

Alikuwa ameshaishika ile ya kijani, na aliishika kama mtu anavyomshika mtoto wa dada yake. Nikajua nimeshindwa, lakini fundi hashindwi bila kukagua. Niliinua gurudumu la nyuma nikalizungusha, nikainamisha sikio. Nyonga ilivunjika, sikio halikuvunjika. Kitovu cha gurudumu kililia kidogo: kinataka grisi tu, si kifo. Mnyororo niliuvuta mbele ya meno, haukulegea sana. Waya za breki zilikuwa na kutu, mipira imekauka hadi kupasuka.

"Iko mugonjwa," nikasema.

"Si tunaye munganga?" akajibu Khadija, na Clovis akacheka kabla yangu.

Ijumaa yote na nusu ya Jumamosi nilikuwa chini ya bati na ile baiskeli ya kijani. Nilibadili mipira, nikaweka minene, maana mashimo ya barabara yetu ninayajua kwa majina. Waya mpya za breki. Grisi. Kengele. Bati za kuzuia tope, mbele na nyuma, ili afike kazini akiwa Khadija na si sanamu ya udongo. Mwisho nikamwita Asumani wa kuchomelea, akanifungia nyuma porte-bagage, kibebea mizigo cha chuma kinene. Juu yake, kwa nati nne, sisi tunaziita ekru, nikakaza kiti changu chekundu cha zamani.

Hicho kiti kina mambo yake. Mwaka wangu wa kwanza wa toleka, msichana mmoja wa Mangobo alikikalia akanilaumu njia nzima hadi sokoni: unayumba, unakimbia, unapitia mashimo makusudi. Kesho yake akawapita waendesha toleka kumi na wawili akanitafuta mimi, anilaumu tena. Binti yetu Nyota sasa ameolewa Basoko, na kiti bado hakijachanika.

Jumamosi mchana Khadija alikwenda kuijaribu. Kuendesha alijifunza kwa toleka yangu, mwaka wa kwanza wa ndoa, mimi nimemshikilia kwa nyuma na majirani wametushikilia midomoni. Alizunguka mtaa, akarudi ametoka jasho.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri."

"Kweli?"

"Si nimesema, Papa Nyota?"

Mimi na vichekesho vyangu nikajisifu hadi chakula cha jioni. Lituma, ndizi zetu za kuponda, ilikuwa tamu kuliko siku zote.

Jumapili asubuhi nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa kwenye kigoda, liputa ameipandisha, anajipaka mafuta ya mawese kwenye magoti. Yote mawili, polepole, uso umekunjamana. Aliponiona akaishusha liputa haraka, kama msichana.

"Ni velo," nikasema.

"Ni uzee."

"Jana asubuhi haukukuwa muzee."

Akafunga chupa ya mafuta. "Umeitengeneza na roho yote. Mimi nitasema nini?"

"Useme: Feruzi, uko mujinga."

"Ile ninasema kila siku. Haisaidie."

Nilichechemea hadi kwenye baiskeli nikasimama mbali, nikaitazama kama ya mtu nisiyemjua. Ndipo nikaona. Kiti cha mbele nimekishusha hadi mwisho. Usukani nimeupandisha juu. Hivyo ndivyo toleka inavyofungwa: kila ukisimama, miguu yako yote miwili lazima ikanyage chini, ushikilie uzito wakati mteja anapanda au anashuka. Magoti yanaumia, lakini mteja haanguki. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kufunga baiskeli ya mtu mmoja. Walioniletea zao walikuwa waendesha toleka kama mimi. Mikono ilifanya inachokijua, na kesho mke wangu alikuwa na kilomita tisa za kukanyaga magoti yakiwa karibu na kidevu. Asingefika. Ama angefika saa moja, na kazi amepewa mwingine.

Khadija alikuja nyuma yangu. "Na hiki kiti cha nyuma, nani atakaa pale? Uko unanitafutia client?"

Sikufanya mzaha. Mtu aliyezoea kunisikia angeita daktari.

"Sijue," nikasema.

Nilijua. Naye, kwa jinsi alivyoacha kuuliza, alijua pia.

Nikaegemeza baiskeli ukutani. "Panda. Weka kisigino kwenye pedali, pedali iwe chini kabisa. Kisigino, hapana vidole."

Goti lilikuwa limepinda kama kiwiko. Nikachukua clé, ile spana yangu, nikapandisha kiti vidole vitatu. Bado. Nikaongeza viwili, mguu ukanyooka.

"Papa Nyota, nitaanguka! Chini iko mbali!"

"Haiko mbali. Ukisimama, toka mbele ya kiti, mguu mumoja tu chini. Hauna mutu nyuma."

Alikuwa ameweka mkono begani kwangu, amenishika hasa, na kwa mara ya kwanza tangu ajali kuna mtu aliyeniegemea mimi badala ya mimi kumwegemea. Nilikawia makusudi kwenye usukani. Nikaushusha, nikautazama, nikaukaza taratibu, hadi viwiko vyake vikalegea vyenyewe.

Kisha nikafungua ekru nne za kiti chekundu, nikakipeleka ndani. Chuma cha porte-bagage nilikiacha, kibebe kapu lake. Nilipomaliza nilibaki nyuma ya gurudumu dakika chache nikishughulika na kitu ambacho sikumweleza.

Alitoka tena kujaribu, akapotea muda mrefu. Nilichemsha chai, ikapoa. Nilikuwa nimeshamuua mara tatu kichwani aliporudi, kilemba kimeenda upande, anacheka peke yake.

"Nimefika kwenye daraja ya Tshopo," akasema. "Sikusikia hata njia!"

Jumatatu aliondoka kabla ya kupambazuka. Nilimsikiliza hadi kengele ikaisha, kisha nikaingia ndani, na kiti chekundu kilikuwa juu ya kochi kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Mchana alirudi na udongo kwenye kucha.

"Nilifika mbele ya mulinzi mwenyewe. Yeye ndiye alichelewa."

"Na magoti?"

"Yanakusalimia."

Wiki ikapita hivyo. Jumapili, nikifuta mnyororo wa baiskeli ya mtu, nilimwona ameinama juu ya porte-bagage yake.

"Papa Nyota, hizi ekru za mabawa ni za nini?"

Zilikuwa nne, zile za kukaza kwa vidole bila clé.

"Za muzigo."

"Muzigo gani wa kufunga na kufungua kila wakati?"

Nilikuwa na kazi nyingi sana kwenye ule mnyororo. Nikasikia miguu yake inaingia ndani, inatoka. Nikasikia sponji inagusa chuma, na ekru zinazunguka, moja, mbili, tatu, nne.

"Toleka! Toleka!" akaita, kwa sauti yangu mimi kabisa. "Client, tunaenda ao hatuende?"

Miaka ishirini na tano, na kumbe sijawahi kukaa nyuma. Sikujua pa kuweka miguu. Sikujua pa kuweka mikono, hadi akaichukua mwenyewe akaiweka kiunoni kwake. Tukayumba hadi barabarani, na jirani yetu Priscille akasimama na ndoo yake.

"Mama Nyota! Ule mutu umemutoa wapi?"

"Sokoni! Walikuwa wanamalizia!"

Upepo ukatupiga. Niliona shingo yake, jasho linaanza, na kila shimo lilikuja bila mimi kuulizwa.

"Unayumba," nikamwambia. "Na pale umepita makusudi. Kaza breki. Unakimbia sana."

"Client, ukilaumu nitakushusha."

"Weye ulinilaumu toka Mangobo mupaka sokoni!"

"Na ulinishusha?"

Nikamshika vizuri kiunoni hadi darajani.