Waranti ya Nyasi za Kimaiyo

Tangu alfajiri Kimaiyo alikuwa hakai wala hatulii. Akiingia sebuleni, anatoka. Akitoka, anateremka hadi langoni, anachungulia barabara ya vumbi ya Lanet, kisha anapanda tena akikanyaga kwa ncha za viatu kama mtu aliyechelewa kanisani. Watu wawili walikuwa wanakuja asubuhi hiyo, kaka yake na fundi wa nyasi, na wote wawili walikuwa wamemkosesha usingizi.

Nyumba yake iko juu ya mteremko, na udongo wa Nakuru mnaujua: kiangazi unaingia puani, mvua ikinyesha unahama na viatu vyako. Jumamosi wageni wa koito walikuwa waje kumposa binti yake, Cheruto, na Kimaiyo alikuwa ameapa kwamba hakuna mzee wa watu atakayeteleza kwake. Basi akaweka nyasi bandia, kijani kitupu kutoka barazani hadi ukutani, hata pale pa kumwaga maji ya vyombo hakupasaza. Mkewe, Jepkemei, aliuliza kuku watachakura wapi. Akaambiwa kuku hawajaalikwa.

Fundi mwenyewe alikuwa Masinde wa Bondeni, mtu wa kampuni iliyouza nyasi hizo. Alikata ngazi pana mteremkoni, akashindilia kokoto na unga wa mawe, akalaza kitambaa cheusi cha kuzuia magugu, kisha akapigilia kapeti kwenye mbao juu na chini ili isije ikateremka na maji. "Kwa ground flat mtu yeyote anaweka," alisema. "Hapa ukikosea huko juu, utaikuta kwa gate." Leo alikuwa anarudi kukagua na kupiga picha za kuitumia kampuni, ndipo waranti ya miaka minane ianze. Masharti yake Kimaiyo aliyajua kuliko Baba Yetu: pasiwashwe moto, pasipigiliwe kigingi cha hema, majani yasivutwe, na asiye fundi wao asifunue ukingo.

Lakini nyasi zilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa Kiptum.

Kiptum ni kaka yake, mkubwa kwake kwa mbali, anaishi Ravine. Hawakuwa wamesemezana tangu azikwe Chesang, mke wa Kiptum. Siku ya mazishi Kimaiyo alikuwa kazini Naivasha kwenye mitambo ya mvuke, akaona atume hema na viti badala ya kwenda. Viti vizuri, vyeupe, vimefungwa riboni. Kiptum alivirudisha na ujumbe mfupi: "Mwambieni viti havilii." Sasa wazee wa ukoo walikuwa wamesema wazi kwamba hawatapokea wageni katika boma ambalo ndugu wa tumbo moja hawaongei. Wawili hao wasipopatana, Cheruto hana koito. Jepkemei ndiye aliyempigia shemeji yake na kumbembeleza hadi akakubali kuja. Kimaiyo mwenyewe alikuwa ameishika simu mara nyingi tu, akaiweka.

Masinde alifika kwanza. Alikuwa amepiga magoti katikati ya mteremko, anabonyeza maungio ya kapeti, lango lilipofunguka na Kiptum akaingia na fimbo yake na koti zito. Hakusalimu. Kwao watu hawapatani kwa mikono mitupu: anayetaka kumaliza ugomvi hung'oa nyasi katika ardhi ya boma, akamnyooshea mwenzake, na mwenzake akizipokea yameisha. Hapo aliyekosewa ndiye aliyeinama kwanza. Akashika kishungi cha kijani karibu na ukuta, akavuta. Kikagoma. Akajikaza, akavuta tena.

"Usivute hapo!"

Sauti ilikuwa ya Kimaiyo, kutoka barazani, na ilimtoka kabla hajafikiri. Akauona uso wa kaka yake ukikunjamana.

"Kumbe," Kiptum alisema polepole. "Nimetoka Ravine na giza nikuje kuambiwa nisiguse."

"Si hivyo, ndugu yangu. Hiyo ni plastiki. Iko na waranti."

Hata masikioni mwake mwenyewe maneno hayo yalikuwa aibu tupu. Kiptum alizitazama zile nyasi, akafuta mkono kwa koti.

"Siku ile ulituma viti," akasema. "Leo unanipokea na plastiki." Akageuka kuelekea langoni.

Kimaiyo aliteremka mbio, hajali tena anakanyaga nini. Alitafuta unyasi mmoja wa kweli, mmoja tu, na haukuwepo. Ni yeye aliyesema usibaki hata mmoja. Akapiga magoti kwenye ukingo wa chini, akaingiza vidole chini ya kapeti, akavuta.

"Mzee, wacha," Masinde alisema akiinuka. "Picha sijatuma. Ukifungua hapo waranti imeenda, na mvua ya kwanza itashukisha hii yote."

"Iende."

Misumari iling'oka, na ukucha wake mmoja ukapasuka. Akararua kitambaa cheusi, akafukua kokoto kwa mikono. Kando ya mbao, mahali kokoto ilikuwa nyembamba, palikuwa na nyasi za zamani, zimekuwa nyeupe kwa kukosa jua, lakini zina mizizi. Akazing'oa na udongo wake. Kiptum alikuwa amesimama, mkono kwenye komeo la lango.

Kimaiyo alizinyoosha kwa mikono miwili, bado yuko magotini. "Nilipaswa kuja," alisema. "Kazi ingeningoja. Niliogopa kukuona ukilia, nikatuma viti." Machozi yalikuwa yanamtoka, na Masinde akageukia ukuta ili asimwone.

Kiptum aliliachia komeo, akamrudia mdogo wake. Kisha akazipokea.

"Mimi nimekubali," akasema. "Lakini Chesang pia ulimkosea. Twende umpelekee nyasi na yeye."

"Leo?"

"Sasa hivi. Kaburi yake hata hujawahi kuiona."

Kimaiyo aliinuka, akatazama suruali iliyojaa udongo na kidole kinachotoka damu. "Ngoja basi nioge."

"Twende hivyo hivyo," Kiptum alisema. "Mama alipotuacha, ni Chesang alikuwa anakuosha."