Tovuti Iliyopanga Ughaibuni

Ulimi hauna mfupa, na wa Mwenyekiti hata gegedu haukuwa nalo. Jumapili ile jukwaani alikuwa amekwisha kuyataja yote ya kutajwa: viti vimechongwa na mafundi wetu, fulana zimeshonwa na mama zetu, hata maji haya ninayokunywa ni ya kisima chetu. Watu wakapiga makofi, na makofi yakamlevya.

"Hata tovuti yetu," akanguruma, "hailali ugenini! Inalala hapa hapa nyumbani!"

Nyuma ya jukwaa Fundi alikuwa anakunywa soda. Ikampalia. Yeye ndiye aliyeitengeneza tovuti ya Chama cha Kwetu na yeye ndiye anayeitunza, na alijua vizuri kwamba imepanga nchi ya mbali yenye barafu, kwenye mashine ya kampuni ambayo hakuna hata mmoja chamani aliyewahi kuuona mlango wake. Aliichagua kampuni ile kwa sababu umeme wake haukatiki, na kwa sababu mwenye nyumba hajui wapangaji wake wanagombania nini.

Sasa, tovuti imepanga wapi si siri. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuuliza akajibiwa. Wapinzani wao, Chama cha Ngazi, wakauliza. Kufikia Jumanne asubuhi maneno yalikuwa yanaruka simu hadi simu: Chama cha Kwetu kimehamia barafuni, mwenye koti la ziada awape.

Mwenyekiti akamwita Fundi ofisini. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa watu, hana roho mbaya hata chembe, ila siku hiyo aibu ilimtoa jasho hadi kola ikalowa.

"Binti yangu, umeniaibisha."

"Mimi tena, Mwalimu? Uliniuliza kabla ya kusema?"

"Basi, yaishe. Twende tukaichukue. Inataka lori, au pikapu inatosha?"

Fundi alimtazama aone kama anatania. Hatanii.

"Haibebwi na gari, Mwalimu. Naihamisha kwa kompyuta, hapa hapa nilipokaa. Kuhama si tabu. Tabu ni tunahamia wapi. Mji mzima huu una jumba moja tu la mitambo ya namna hiyo."

"Basi humo humo. Jumamosi nimeita waandishi wa habari. Nataka waikute imeshafika."

"Jumba lenyewe ni la shemeji yake Mheshimiwa."

Mheshimiwa ndiye kiongozi wa Chama cha Ngazi, na shemeji huyo ni kaka wa mkewe. Mwenyekiti akajikuna kidevu, kisha akakata shauri la mtu aliyebanwa. "Shemeji ni mfanyabiashara. Siasa hana."

"Mwalimu, tovuti ni kama duka. Mbele unaona picha zako na nyimbo za chama. Nyuma kuna stoo, na stoo yetu ina orodha ya wanachama elfu kumi na moja: jina, simu, na mahali mtu anapofanya kazi. Mwenye jumba ana ufunguo wa stoo. Yule wa kwenye barafu hatujui wala hana haja na sisi. Huyu wa hapa anatujua mpaka majina ya utani. Ni kumkabidhi fisi bucha."

"Kwani kuna mwanachama wetu anayeona haya kujulikana? Nitajie mmoja!"

Hapo hapo akaingia mama mkuu wa akina mama wa chama, ameshika futi ya kupimia nguo.

"Fundi, tovuti ina upana gani? Tunaifumia kitambaa cha rangi zetu. Haiwezi kufika nyumbani ikakaa wazi wazi."

Mmoja wa kutajwa alikuwepo. Mwanachama namba elfu nne na kumi na mbili alikuwa mjomba wake Fundi, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu mama afariki na kumsomesha kwa mshahara wa udereva. Na dereva wa nani? Wa Mheshimiwa! Miaka kumi na tisa sasa anamwendesha, amebakiza miwili apate kiinua mgongo chake apumzike. Fomu ya chama ilipouliza mahali pa kazi, mjomba, mkweli wa kuchosha, aliandika kwa herufi kubwa: KWA MHESHIMIWA.

Alasiri hiyo Fundi alimkuta uani anafuta vumbi gari la bosi.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Akamweleza yote, na mwisho akasema, "Nimeamua. Kabla sijaihamisha, nakufuta. Jina likitoka, wakipekua hawakuti kitu."

Mjomba akaacha kufuta. Akakikunja kitambaa, akakiweka juu ya boneti.

"Unajua nilijiunga vipi?" akasema. "Mheshimiwa alinituma nikaegeshe karibu na mkutano wenu, nihesabu watu. Yule mwalimu wenu akaniona, akaja dirishani. Nikajua nimekwisha. Kumbe ananiuliza: 'Na wewe ndugu, unaonaje?' Nikamwambia habari za barabara, mashimo, mitaro iliyoziba. Nusu saa nzima ananisikiliza! Miaka yote hii, mwanangu, huyu wangu hajawahi kuniuliza kitu zaidi ya 'Gari lina mafuta?' Fomu niliijazia hapo hapo juu ya usukani. Usinifute."

"Watakufukuza, Mjomba!"

"Wanifukuze nikiwa nimeandikwa."

Fundi machozi yalimlenga, kwa huruma na kwa hasira pia, maana ukaidi wa ukoo ule anaujua, anao. Mjomba akamwonea imani, akachungulia kushoto na kulia, akashusha sauti.

"Halafu usihamishe. Jana niliwabeba wote wawili, yeye na shemeji. Si unajua, wakiingia garini dereva hana masikio. Shemeji anacheka: 'Aibu itawasukuma kwangu. Wakileta tu tovuti yao, orodha utaipata kabla chai haijapoa.' Mheshimiwa akafurahi. Shemeji akasema, 'Basi na nyie hamishieni kwangu ya kwenu.' Mheshimiwa akaguna: 'Kwako? Ili dada yako asome barua pepe zangu zote?'"

"Kwani yao iko wapi?"

"Hilo sijui. Mimi najua barabara tu."

Fundi akatoa simu pale pale akauliza intaneti. Jibu likaja. Akasoma mara mbili, kisha akaketi kwenye ndoo ya kuoshea gari na kucheka mpaka mbavu zikauma. Tovuti ya Chama cha Ngazi ilikuwa barafuni, kwenye kampuni ile ile, kwenye mashine ile ile. Mahasimu wakubwa wa mji walikuwa wamepanga chumba ukuta kwa ukuta miaka mitatu.

Kesho yake alimwonyesha Mwenyekiti. Hakumtaja mjomba, na hakukuwa na haja: jambo lenyewe liko wazi kwa yeyote anayeuliza. "Mwalimu, mwenye shemeji mwenye jumba, mbona halali kwa shemeji?"

Mwenyekiti alikuwa mwepesi wa kusema, lakini mjinga hakuwa. Alivua miwani, akaisafisha, akaivaa tena. "Ningewapeleka watoto wa watu mdomoni mwa fisi," akasema polepole. "Kwa sababu ya makofi."

Jumamosi waandishi wakajaa ofisini. Mwenyekiti akasimama na kukiri kwamba aliyosema jukwaani hayakuwa kweli, na kwamba aliyasema bila kuuliza. Waandishi wakapigwa na butwaa, maana hilo hawakulizoea. Fundi akafikiri angeishia hapo, lakini mwanasiasa ni mwanasiasa.

"Tovuti yetu iko ughaibuni masomoni," akaendelea. "Itarudi siku tutakayokuwa na nyumba ambayo ufunguo wake hauko kwa mpinzani wetu. Ina orodha ya watu walioniamini, na nyumba ya orodha hiyo lazima niichague kwa uangalifu. Sasa nendeni mkamuulize Mheshimiwa yake imelala wapi, na kwa nini hamwamini shemeji yake mwenyewe."

Wakaenda mbio. Kitambaa cha kufuma kilikuwa kimeshakamilika, na akina mama hawakukubali kipotee bure. Wakakitandika juu ya mashine ya kutolea nakala, ambayo tangu siku hiyo huchemka na kuzimika kila baada ya kurasa kumi.

Jumapili Fundi alikula kwa mjomba. Mzee alikuwa anacheka peke yake tangu anawe mikono.

"Jana jioni nilimbeba. Amevimba kama andazi. Shemeji hasemi naye, mkewe hasemi naye, waandishi wamemzingira mpaka getini. Njia nzima kimya. Mara akainama mbele, akaniuliza: 'Dereva, wewe unaonaje haya mambo?'"

Fundi akaweka kijiko chini. "Baada ya miaka kumi na tisa!"

"Kumi na tisa na miezi minne."

"Ukamjibu nini, Mjomba?"

"Nimjibu nini, mwanangu? Nilimwambia gari lina mafuta. Maoni yangu nilishayaandikisha kwingine."