Fundo la Kona ya Kushoto

Wateja wake walimwita Mama Masharti, na hakuna aliyempa jina hilo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wafanyabiashara kupata zabuni za wizara ya ulinzi ya nchi moja ya mbali, nchi tajiri, yenye askari wengi na karatasi nyingi kuliko askari. Mtu akija ofisini kwake na viatu au mifuko ya maji, kifua mbele, akidhani ubora wa mali yake unatosha, Mama Masharti alimkalisha kwenye kiti kibovu cha wageni na kumvunja moyo taratibu. "Viatu vyako vizuri sana," angesema. "Sasa niambie kisigino kina uzito gani." Wengi walitoka pale wamenuna, lakini waliorudi walishinda.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja, na kila mteja aliimbiwa: usiiulize wizara swali. Kule, mzabuni mmoja akiuliza, swali lake na jibu lake vinapelekwa kwa wazabuni wote. Ukiuliza kuhusu ujanja wako, umeugawa bure. "Kama hujaelewa, niulize mimi," alisema. "Na mimi nisipoelewa, tutanyamaza kwa heshima zetu."

Mwaka ambao jeshi la kule lilitangaza kununua mahema mapya ya askari, aliyekuja kukaa kwenye kiti kile kibovu alikuwa kaka yake.

Kaka yake alikuwa fundi turubai tangu ujana, mwenye karakana ya cherehani nzito na mafundi hodari. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba dada yake amtafutie zabuni, wala hakupenda kusikia nchi ile ikitajwa mbele yake. Sababu ilikuwa mwanawe wa pekee, waliyemwita Sindano kwa wembamba wake. Sindano alikwenda kule kusoma, akaacha masomo, akajiunga na jeshi lao, maana linapokea wageni. Siku alipopiga simu kutoa habari, baba yake alimjibu, "Kama umepata wakubwa wengine wa kukuamuru, basi mimi usinipigie tena." Yalikuwa maneno ya hasira, ya kusemwa asubuhi na kusahauliwa jioni. Lakini mtoto alirithi ukaidi wa baba, akatii amri hiyo kuliko zote alizowahi kupewa. Hakupiga tena.

Shangazi mtu alibaki akipata ujumbe mfupi mara chache: mzima, nipo, wasalimie wote. Alijua hao "wote" ni nani, na alizifikisha salamu, na kaka yake alizipokea kwa kuuliza kama mvua itanyesha. Naye pia alimkumbuka kijana yule hadi kuumwa. Hakujaliwa mtoto. Sindano ndiye aliyekuwa akimmalizia sukari kabatini na kumwacha akigomba peke yake jikoni, na sasa sukari ilikaa mpaka inagandamana.

"Kaka, unaitakia nini zabuni hii?" alimuuliza.

"Naitakia kushinda."

"Ungetaka kushinda ungekuja zamani."

Kaka yake alitazama dirishani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nataka alale ndani ya hema langu."

Basi wakaanza kazi. Mama Masharti hakumpendelea hata kidogo. Alimtesa kama mteja mwingine yeyote. Turubai lilimwagiwa maji, likavutwa, likachomwa kwa jua. Masharti ya sampuli yalikuwa makali. Hema la kupelekwa kushindanishwa halikutakiwa kuwa na alama yoyote ya mshonaji, ili wakaguzi wasijue ni la nani. Na sampuli ya mshindi ingetiwa lakiri na kufungiwa stoo ya wizara, halafu kila hema litakalofuata lifanane nayo hadi rangi ya uzi.

Hema lilipokamilika, walilisimamisha katikati ya karakana, na Mama Masharti akaingia ndani kulikagua. Hakuamini macho tu. Alipitisha vidole kwenye kila mshono. Kwenye kona ya kushoto, upande wa kichwa cha mlalaji, kidole chake kiligonga kitu.

Lilikuwa fundo dogo la uzi mnene, lililorudishwa mara mbili na kukazwa. Alilitambua papo hapo. Sindano alipokuwa mdogo aliogopa giza, na umeme wa mtaani ulikuwa hauaminiki. Baba yake akamshonea fundo kama lile kwenye kona ya chandarua. "Ukiamka na kuna giza, papasa," alimwambia. "Ukilishika, ujue mimi niko chumba cha pili." Mtoto alilala amelishika. Baadaye likahamia kwenye blanketi, kisha kwenye begi la shule, na siku ya safari lilikuwa kwenye ukosi wa koti.

"Kaka," alisema akitoka, "hii ni alama."

"Ni fundo tu."

"Wakiligusa, sampuli yako inatupwa nje kabla ya kufunguliwa vizuri."

"Basi tulitoe. Tukishinda nitalitia kwenye yale mengine."

"Yale mengine yatafanana na hili. Likitoka hapa, limetoka kote."

Kaka yake alichukua mkasi mezani, akautazama, akamnyooshea dada yake. "Kata wewe," alisema. "Mimi mkono hautaki."

Mama Masharti aliupokea mkasi, akaingia tena ndani ya hema, akakaa humo kwa muda. Alipotoka, fundo lilikuwa bado lipo. "Usiifunge sampuli kwanza," alisema, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alipiga moyo konde, akafanya jambo ambalo angemfukuza mteja kwa kulifanya. Aliiuliza wizara swali. Je, inaruhusiwa kuimarisha kona ya ndani ya kushoto, upande wa kichwa, kwa fundo la uzi mnene lililorudishwa mara mbili, ili mshono usiachie kwa upepo? Hakudanganya, kweli fundo lilizuia mshono kuachia. Na alieleza kila kitu, maana swali la juujuu hujibiwa juujuu.

Wizara haikuruhusu tu. Ilijaribu, ikapenda, ikatoa nyongeza ya masharti: hema la kila mzabuni liwe na fundo hilo, mahali hapo hapo.

"Kwa hiyo wote watalitia," kaka yake alisema alipoelezwa.

"Wote."

"Nilikuwa na kitu ambacho wenzangu hawana. Umewapa."

"Nimewapa, kaka."

"Na unaitwa Mama Masharti."

Kaka yake alisugua vumbi la turubai mikononi. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Uliandika kushoto?"

"Niliandika kushoto."

"Upande wa kichwa?"

"Upande wa kichwa."

Walishindwa. Zabuni ilikwenda kwa kampuni yenye viwanda na bei ambayo karakana isingeifikia. Kaka yake alisema ahsante, akarudi kushona vifuniko vya malori. Mama Masharti akawa anapita karakana kila jioni akitoka kazini, anakaa kwenye marobota ya turubai, na hawakuzungumza chochote cha maana. Wote wawili walikuwa wanamngoja mtu yule yule, ila hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kusema.

Msimu ukapita, ukaja mwingine. Asubuhi moja, mteja wa glovu akiwa kwenye kiti kibovu anaulizwa urefu wa kidole gumba, simu ya Mama Masharti ikaita. Namba ilikuwa ya kule.

"Shangazi."

Sauti ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Alishika ukingo wa meza. "Sindano."

"Tumepewa mahema mapya. Usiku taa zilizimwa, nikapapasa tu, sijui kwa nini. Shangazi, ni baba ameyashona?"

Alitamani kumshikilia hapo hapo. Alitaka kujua kama anakula, kama amenenepa, kama bado anaweka sukari vijiko vinne. Angeweza kuisikiliza sauti ile mpaka jioni.

"Hilo silijibu mimi," alisema. "Muulize mwenye fundo."

"Alisema nisimpigie."

"Najua alichosema. Masharti yamebadilika."

"Na asipopokea?"

"Piga, mwanangu," alisema, na akakata simu mwenyewe, kabla hajaanza kumsihi asiondoke.

Mteja wa glovu aliuliza kama aje siku nyingine. Mama Masharti alikuwa anapiga namba ya kaka yake. Simu ilikuwa inatumika. Akangoja, akapiga tena, bado inatumika. Ile sauti ya mtandao ya kumwambia ajaribu baadaye, ambayo siku zote ilimkera, aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga tena ili aisikie.