Ukuta wa Waliocheka

Taa za ukumbi zilipowashwa, mhakiki wa filamu alikuwa bado anapapasa chini ya kiti akitafuta viatu vyake. Alivivua mapema, maana miguu ilikuwa haijaisha uvimbe tangu ajifungue. Alipovipata akainuka aende nyumbani kunyonyesha, na pale ulipokuwa mlango akakuta ukuta.

Mlinzi alimweleza taratibu kwamba kuingia hakuna shida. Ila aliyecheka hatoki mpaka aandike kwamba filamu haichekeshi, na kwamba haimhusu mtu yeyote aliye hai.

Walikuwa wamecheka wote. Kwenye filamu, waziri anazindua daraja. Badala ya utepe anakata mkanda wa suruali yake. Suruali inashuka, na wasaidizi, ili kumsitiri bosi, wanashusha zao mmoja mmoja huku wakipiga makofi.

Mhakiki mkongwe, aliyecheka hadi akafuta machozi kwa tai, aliandika mistari michache akapita ukutani kama anayepita kwenye pazia. Alimwachia yule mama neno moja tu: "Mwanangu, andika uende. Karatasi haina meno."

Yeye akaandika kwamba filamu inachekesha, na huyo waziri tunamjua. Ukuta ukabaki ukuta. Maziwa yalipoanza kulowesha blauzi, akampigia simu wifi yake.

Wifi aliingia na mtoto mgongoni bila kupunguza mwendo, akilalamika kwamba humo ndani hakuna hata feni. Onyesho la jioni lilikuwa limeshaanza; akaipa skrini mgongo, akakaa.

"Wifi, neno moja tu linakushinda?"

"Watu wakilisoma hawatakuja kuiona."

"Basi wasije. Mtoto hanyonyi msimamo."

Mhakiki alimtazama mwanawe anavyovuta ziwa kwa pupa. Akaandika kwamba haichekeshi wala haimhusu aliye hai, akampa mlinzi karatasi, naye akaipiga picha akaituma gazetini. Ukuta ukalegea, barabara ikaonekana, na teksi zikisubiri abiria.

Wakati huohuo suruali ya waziri ikashuka. Mtoto akaachia ziwa, akageuza shingo, akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza.

Mama alipita. Mtoto mikononi mwake akagota kwenye tofali. Wifi akajaribu kumpitisha kichwa, kisha miguu, haikuwezekana.

"Kila aliyecheka anaandika mwenyewe," mlinzi alisema.

"Hana hata jino. Ataandika nini?"

Mlinzi akajibu kwamba yeye ni mlinzi tu. Wifi akaenda kuleta nepi na chandarua.

Asubuhi gazeti lilitoka, na jina la mhakiki chini ya neno lake. Viti vingi vilibaki vitupu. Yeye alikuwa mstari wa mbele, mtoto mapajani, filamu ikianza upya. Waziri aliposhika mkasi tu, mtoto akacheka, kicheko kikajaa ukumbi mzima. Mkono wa mama ukaenda kumziba mdomo. Ulipofika, ukamfuta udenda.