Matapishi ya Kijani

Mama mkwe wangu alifurahi mwanangu alipotapika kijani. Alimwita mume wangu, Boazi, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi: "Njoo uone, dawa inatoa uchafu!"

Kwao Ruanda, mtoto mchanga hamalizi wiki bila kunyweshwa majani ya mchango, dawa ya maumivu ya tumbo. Kila asubuhi mama aliyatwanga mwenyewe, akanikabidhi kikombe. Nami kila asubuhi niliitikia, "Ndiyo, mama," nikaenda nyuma ya nyumba, nikamwaga mgombani. Usidhani nilikuwa jasiri. Niliogopa kubishana naye, basi.

Kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mwanangu Zabron hajanywa hata tone. Sasa kile kijani kilitoka wapi? Tumbo lilikuwa limevimba, na hata kulia alikuwa ameacha, anaguna tu. Tulimkimbiza hospitali, mimi na mama.

Daktari Yonasi aliuliza kama tumempa mitishamba.

"Nimempa mimi," mama akajibu, kifua mbele.

Daktari akatulia. Akasema mtoto atawekewa dripu, dawa imtoke, tuangalie hadi kesho.

Kesho! Nilimtazama mtoto, nikamtazama mama. Nikisema, uso wangu nitauweka wapi katika nyumba ile?

"Hajanywa, daktari. Niliimwaga yote."

Mama aligeuka. Sijawahi kuogopa macho ya mtu namna ile.

"Hajanywa kabisa?" Daktari alikuwa ameshasimama. "Basi hiyo ni nyongo."

Mtoto alipigwa picha ya tumbo mara moja. Daktari alitueleza haraka haraka: utumbo wa Zabron haukukaa mahali pake tangu akiwa tumboni mwangu, sasa umejisokota kama kamba, chakula hakipiti, damu nayo haipiti. Tukichelewa utaoza. Wakamwingiza chumba cha upasuaji.

Tulikaa benchi moja, mimi na mama. Niliuogopa ule mlango, na nilimwogopa mwanamke aliyekaa kando yangu.

Daktari alipotoka, barakoa ilikuwa imeshuka shingoni. Walikuta utumbo umeanza kuwa mweusi, wakausokotoa, rangi ikarudi. Mtoto yuko hai. Nililia kwa sauti, bila aibu.

Mama hakulia. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Kabla ya Boazi nilikuwa na mtoto wa kike," alisema. "Naye alitapika kijani. Nikapiga vigelegele."